Kengele ya Vifurushi Kumi na Vinne

SHEMEJI: Haloo? Haloo, nani mwenzangu?

MWALIMU: Ni mimi.

SHEMEJI: Mimi nani? Hata mwizi akigonga mlango husema ni mimi.

MWALIMU: Mimi shemeji yako. Mume wa dada yako. Mwalimu wa hesa—

SHEMEJI: Ah, Mwalimu. Na hii namba ya nani?

MWALIMU: Ya mpishi wa shule. Yangu imezima. Hujambo?

SHEMEJI: Sijambo. Dada mzima? Watoto?

MWALIMU: Wazima wote. Mama mkwe?

SHEMEJI: Mzima, anakusalimu sana. Anasema kile kiti ulichomtengenezea kimemwangusha tena.

MWALIMU: Pole yake, nitakuja kukipiga misumari. Sasa shemeji—

SHEMEJI: Anasema usije na misumari. Kilianza kuangusha watu baada ya misumari.

MWALIMU: Shemeji, nina haraka. Uko kwenye kompyuta?

SHEMEJI: Niko kazini. Kazi yangu ni kuandika programu. Ulidhani utanikuta wapi, nachuma mboga?

MWALIMU: Kengele imekufa.

[Mtandao unakwaruza kama mtu anayekwangua ukoko wa wali.]

SHEMEJI: Nani amekufa?

MWALIMU: Kengele. Kengele ya shule. Ile programu yangu, inayokaa kwenye kompyuta na kupiga kengele kwenye spika ya uwanjani.

SHEMEJI: Loo, umenitoa roho. Naijua, ulinitambia wiki nzima. Si upige kwa mkono leo? Kengele ya chuma iko wapi?

MWALIMU: Ilipasuka. Ndiyo maana nikaandika programu.

SHEMEJI: Basi gonga sufuria, mpishi si huyo hapo?

MWALIMU: Mkuu wa shule amesema akisikia sufuria, au filimbi, au sauti ya mwalimu yeyote, chumba cha kompyuta si changu tena. Ananyang'anya ufunguo. Anataka kukifanya stoo ya madawati mabovu. Ameshanunua kufuli, shemeji. Analo mfukoni. Akitembea linagonga.

SHEMEJI: Umemfanya nini mzee wa watu?

MWALIMU: Juzi kengele ililia akiwa anahutubia wazazi.

SHEMEJI: Mara moja?

MWALIMU: Mara nne. Akasema leo saa tisa, kengele ya kwenda nyumbani, atakuja mwenyewe asimame nyuma yangu, mikono yangu iwe mgongoni, asikie kama kengele inalia yenyewe. Isipolia, basi. Na unaijua sheria yake, bila kengele hatoki mtu darasani. Nina shule nzima imekaa humo, na hakuna wa kuiambia iende nyumbani isipokuwa hii mashine.

SHEMEJI: Na mashine inasemaje?

MWALIMU: Inanitukana.

SHEMEJI: Mashine haitukani, Mwalimu.

MWALIMU: Njoo uisome. Nimewaza niwaombe wale wasichana wa klabu ya kompyuta wanisaidie, nikaona aibu. Mimi ndiye niliyewafundisha. Yule mmoja mfupi kaandika programu ya kumkumbusha bibi yake dawa, na inafanya kazi, na bibi anameza. Kompyuta nane, shemeji, nimeziomba ofisi moja baada ya nyingine, nyingine nimezibeba kichwani. Wakikijaza madawati hicho chumba, sijui asubuhi nitakuwa nakuja shule kufuata nini.

SHEMEJI: Haya, haya. Usilie kwenye simu ya mpishi. Niambie, ulibadilisha nini?

MWALIMU: Sikubadilisha kitu.

SHEMEJI: Mwalimu.

MWALIMU: Kidogo tu. Asubuhi nilisasisha.

SHEMEJI: Ulisasisha nini?

MWALIMU: Vyote.

SHEMEJI: Vyote vingapi?

MWALIMU: Kumi na vinne.

[Mguno. Si mtandao. Ni shemeji mtu.]

SHEMEJI: Programu ya kupiga kengele ina vifurushi kumi na vinne, vijiprogramu vilivyoandikwa na watu baki?

MWALIMU: Usiseme hivyo, vina kazi. Kuna cha kusoma amri ninazoandika. Kuna cha rangi—

SHEMEJI: Rangi za kengele?

MWALIMU: Maandishi kwenye skrini yanakuwa kijani. Halafu kuna cha kuchora jedwali, kuna cha saa za dunia nzima, maana—

SHEMEJI: Shule ina uwanja mmoja.

MWALIMU: —maana nilisema huenda ikakua. Kuna cha kukusalimu ukiiwasha. Na kuna cha kuku.

SHEMEJI: Cha nini?

MWALIMU: Kuku. Ukisubiri kengele, kuna kuku mdogo anatembea kwenye skrini toka kushoto kwenda kulia, akifika mwisho, kengele inalia. Wanafunzi wanampenda sana. Leo lilitoka toleo jipya, kuku ana rangi. Nikasema ngoja nisasishe.

SHEMEJI: Umeua kengele ya shule kwa sababu ya kuku.

MWALIMU: Kuku mwenyewe yuko salama. Aliyekufa ni yule wa kusoma amri. Nikiandika tu "kengele nyumbani", badala ya kusubiri saa tisa inaniandikia upuuzi halafu inazima. Basi nirudishe lile toleo la jana, si ndiyo?

SHEMEJI: Ndiyo, hiyo rahisi. Pakua la jana.

MWALIMU: Siwezi. Bando la shule limekwisha. Kuku mwenye rangi kalila lote.

SHEMEJI: Tumia la simu yako.

MWALIMU: La kwangu nililimaliza nikitafuta msaada, na simu yenyewe ikazima. Na hii ya mpishi ni ya vitufe, shemeji, ina tochi tu. Na salio lenyewe ni la kwake, kanikabidhi kama mtu anayekukabidhi mtoto.

SHEMEJI: Kwa hiyo chochote tutakachofanya, tufanye kwa vilivyomo humo humo kwenye mashine.

MWALIMU: Ndiyo hivyo. Lakini nikikumbuka huyu bwana aliyeandika hiki cha amri, nachemka. Sikiliza anavyosema, nakusomea neno kwa neno. "Mpendwa mtumiaji. Nimechoka. Kifurushi hiki nimekitunza muda mrefu bila malipo na hakuna hata mmoja aliyewahi kusema asante. Kuanzia leo hakifanyi kazi. Tumieni vya ndani. Kwaheri. Wenu, Kunguru Mvivu."

[Upande wa pili, kikombe kinawekwa mezani polepole.]

MWALIMU: Haloo?

SHEMEJI: Nipo.

MWALIMU: Umesikia ujeuri huo? Kunguru Mvivu. Mtu mzima anajiita Kunguru Mvivu.

SHEMEJI: Labda jina zuri lilikuwa limeshachukuliwa.

MWALIMU: Anazima kengele za watu kwa hasira zake. Shule nzima imekaa na njaa, kisa kunguru kanuna. Mtu wa namna hiyo hana haya. Huyo hakuwa na mama wa kumlea.

SHEMEJI: Mama yake kamlea vizuri tu.

MWALIMU: Unamjua?

SHEMEJI: Kila mtu ana mama, Mwalimu. Tuendelee. Fungua ukurasa mtupu, tunaandika upya.

MWALIMU: Upya? Programu yangu ni mistari mia tatu.

SHEMEJI: Mia mbili na tisini ya kuku. Fungua.

MWALIMU: Nimefungua. Lakini ngoja nikuulize, kwani vya ndani vinaweza? Mimi nilidhani vile vinavyokuja na lugha yenyewe ni vya kujifunzia tu, kama baiskeli yenye magurudumu ya pembeni. Kila ninapotafuta, watu wanasema chukua kifurushi hiki, chukua kile, kwa mistari miwili umemaliza.

SHEMEJI: Mistari miwili yako. Na elfu nne ya mtu usiyemjua.

MWALIMU: Lakini vinapendeza. Kile cha Kunguru ukikosea amri kinakuambia kwa upole, "Je, ulimaanisha nyumbani?" Cha ndani ukikosea kinakugombeza kama karani.

SHEMEJI: Ni kweli. Sikatai. Hata sisi hapa ofisini tunavitumia vya nje, programu ikiwa na amri nyingi, matawi na matawi yake, ukitumia vya ndani utaandika mpaka vidole viote sugu. Lakini sisi tunafungia toleo.

MWALIMU: Mnafungia nini?

SHEMEJI: Unaandika mahali kwamba mimi nataka toleo hili hili, si jipya, hata likija na kuku wa dhahabu. Na kuna mtu ofisini kazi yake ni kuviangalia. Wewe nani anakuangalizia?

MWALIMU: Mimi mwenyewe.

SHEMEJI: Baada ya vipindi saba vya hesabu.

MWALIMU: Nane.

SHEMEJI: Basi. Kengele yako ina amri ngapi kwa kweli? Si unazoota. Unazotumia.

MWALIMU: Asubuhi, mapumziko, nyumbani.

SHEMEJI: Na zote zinafanya nini?

MWALIMU: Zinasubiri saa fulani, zinapiga kelele.

SHEMEJI: Ni amri moja hiyo. Unaiambia saa, inasubiri, inalia. Kwa hiyo, juu kabisa, ita cha saa na cha kusoma amri, vyote vya ndani. Vimo humo tangu ulipoinunua mashine.

MWALIMU: Sikuinunua, niliibeba kichwani. Nimeviita. Havijagoma.

SHEMEJI: Haviwezi kugoma. Sasa unasoma neno la kwanza baada ya jina la programu, ndiyo saa. Umeandika?

MWALIMU: Nimeandika. Halafu rangi?

SHEMEJI: Hakuna rangi.

MWALIMU: Hata kijani kidogo?

SHEMEJI: Mwalimu, kufuli liko wapi sasa hivi?

MWALIMU: Ngoja nichungulie. [Kiti kinaburuzwa.] Liko barazani. Linapiga stori na mlinzi. Endelea, endelea.

SHEMEJI: Maadamu saa ya kompyuta haijafika saa uliyoipa, lala sekunde moja, uangalie tena. Hivyo tu.

MWALIMU: Nimeandika. Yaani hivi tu? Hii ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya kuku?

SHEMEJI: Hiyo hiyo, toa kuku.

MWALIMU: Nimeonewa. Sasa sauti. Kile kifurushi cha sauti kilikuwa kinamtegemea Kunguru, nacho kimezima. Kunguru ameng'oa ukuta, nyumba nzima imelala chini. Ningempata huyo, shemeji, ningemkalisha darasa la kwanza—

SHEMEJI: Kile cha sauti kinamtegemea kwa kitu kimoja tu, kipo mwisho wa faili lake la pili, chini ya yale maelezo marefu. Ungekifuta hicho, kingefanya kazi. Lakini ni mbali, hatuna muda.

MWALIMU: Ngoja nitazame. Faili la pili. Maelezo marefu. [Anabonyeza.] Kweli kipo. Umelifungua hapo kwako?

SHEMEJI: Hapana.

MWALIMU: Sasa umejuaje?

SHEMEJI: Mafaili ya watu yanafanana.

MWALIMU: Hivi kinatumiwa na watu wengi hiki kifurushi cha Kunguru?

SHEMEJI: Watu? Wawili. Watatu na wewe. Yeye alidhani hakuna anayekitumia kabi—

[Mtandao uko safi kabisa, bahati mbaya. Hakuna hata mkwaruzo mmoja wa kujificha.]

MWALIMU: Shemeji.

SHEMEJI: Sauti, Mwalimu. Tulikuwa kwenye sauti.

MWALIMU: Huyo mama yake Kunguru.

SHEMEJI: Amefanyaje?

MWALIMU: Hivi karibuni hajaanguka kwenye kiti?

SHEMEJI: Inawezekana.

MWALIMU: Nimemtukana mama mkwe.

SHEMEJI: Mimi sijasikia tusi. Mtandao wenu mbaya.

MWALIMU: [Anakohoa.] Unajua, kile kifurushi, ukiondoa ile barua ya kwaheri, nilikipenda. Nisingekipenda nisingekisasisha. Maelezo yake ndiyo ya kwanza katika maisha yangu ya kompyuta kuyaelewa bila kuyasoma mara tatu. Wale wasichana niliwafundishia hicho hicho. Yule mfupi, programu ya dawa ya bibi, anatumia hicho.

SHEMEJI: Ya bibi pia imezima?

MWALIMU: Hapana, kompyuta yake haijawahi kuona mtandao.

SHEMEJI: Afadhali.

MWALIMU: Nasema tu, kama kuna mtu anamfahamu huyo Kunguru, akikutana naye, amwambie mwalimu mmoja wa hesabu anasema asante. Amechelewa kusema, lakini anasema.

[Mtu fulani anavuta makamasi, na si mwalimu.]

SHEMEJI: Akikutana naye atamwambia.

MWALIMU: Haya. Sauti.

SHEMEJI: Sauti. Hiyo kompyuta ukibonyeza kitu kisichotakiwa, inatoa mlio? Kale ka-pip?

MWALIMU: Inatoa. Na spika ya uwanjani iko wazi muda wote, kwa hiyo uwanja mzima huwa unajua nimekosea. Wananihesabia.

SHEMEJI: Safi. Ule mlio una herufi yake. Tangu kompyuta hazijawa na picha, kuna herufi ambayo haionekani, ukiiandika kwenye skrini, mashine inalia. Inaitwa kengele, Mwalimu. Jina lake ni hilo.

MWALIMU: Subiri. Ndani ya mashine mna kengele?

SHEMEJI: Mna kengele.

MWALIMU: Siku zote?

SHEMEJI: Kabla hujazaliwa.

MWALIMU: Na mimi nimezunguka dunia nzima kuwaomba watu vifurushi kumi na vinne, ili nipate kengele.

SHEMEJI: Na kuku.

MWALIMU: Usinicheke, nitalia kweli. Inaandikwaje?

SHEMEJI: Iambie ichapishe. Fungua alama za kunukuu. Ndani weka ule mstari mfupi ulioinama, halafu herufi a.

MWALIMU: Ulioinamia wapi? Iko miwili.

SHEMEJI: Ule ambao kichwa chake kimelalia kushoto.

MWALIMU: Kama dada yako akinuna.

SHEMEJI: Dada huinamia kushoto?

MWALIMU: Huinamia upande wowote nisiokuwepo. Nimeweka. Halafu?

SHEMEJI: Irudie. Mlio mmoja hautatosha, watasema umekosea tu kama kawaida. Irudie mara thelathi—

MWALIMU: Anakuja.

SHEMEJI: Nani?

MWALIMU: Kufuli. Nalisikia. Irudie mara ngapi? Sema haraka.

SHEMEJI: Basi iambie irudie tu, usihesabu, tutaikomesha baadaye. Ukimaliza, hifadhi, halafu kwenye ile skrini nyeusi andika jina na saa tisa, bonyeza kitufe cha kuingiza iti—

MWALIMU: Nimeandika, nimehifadhi, nakutia mfukoni, usikate, usipumue.

[Kitambaa cha shati. Moyo wa mwalimu, kwa karibu sana, unakwenda mbio kuliko kuku yeyote.]

MKUU WA SHULE: Mwalimu.

MWALIMU: Mzee, shikamoo. Karibu sana.

MKUU WA SHULE: Marahaba. Mikono.

MWALIMU: Iko mgongoni, mzee.

MKUU WA SHULE: Nimezoea kuona kuku hapo. Kuku yuko wapi?

MWALIMU: Tumempunguza, mzee.

MKUU WA SHULE: Nilikuwa namwelewa yule kuku. Sasa hii ni skrini nyeusi tu ina mstari mmoja. Haya, tusubiri. Mimi sina haraka, nina kufuli.

[Wanasubiri. Mahali fulani darasa zima linapiga miayo kwa pamoja.]

MKUU WA SHULE: Saa tisa hii.

MWALIMU: Ndiyo, mzee.

MKUU WA SHULE: Sisikii kitu.

MWALIMU: Inavuta pumzi, mzee.

MKUU WA SHULE: Saa yangu inasema saa tisa, hata ya kompyuta pale pembeni inasema saa tisa. Mwalimu, mimi nakupenda, wewe ni mchapakazi. Lakini shule haiwezi kuongozwa na kitu kinachovuta pumzi. Lete ufunguo.

MWALIMU: Mzee, sekunde moja—

MKUU WA SHULE: Ufunguo.

SHEMEJI: Mwalimu, ulibonyeza kitufe cha kuingiza?

[Kufuli linaacha kugonga.]

MKUU WA SHULE: Mfuko wako unaongea.

MWALIMU: Ni shemeji, mzee.

MKUU WA SHULE: Shemeji anafanya nini kwenye shati?

SHEMEJI: Shikamoo, mzee.

MKUU WA SHULE: Marahaba, mwanangu. Hujambo?

SHEMEJI: Sijambo, mzee. Samahani kukuingilia. Mwalimu, kile kikubwa, upande wa kulia. Programu haijaanza bado.

MWALIMU: Mikono yangu iko mgongoni.

MKUU WA SHULE: Na ikae huko huko. Tulikubaliana.

MWALIMU: Mzee, nahisi chafya.

MKUU WA SHULE: Piga chafya, nani kakuzui— Mwalimu, unafanya nini na uso wako?

[Kishindo cha plastiki.]

MWALIMU: Chafya, mzee.

MKUU WA SHULE: Hiyo si chafya, umeipiga kompyuta kwa pua.

[Pip.]

MWALIMU: Mzee.

[Pip. Pip. Pip. Uwanjani, pip ya spika ni kubwa kuliko ya chumbani, inakuja nyuma yake kidogo, kama mwanafunzi anayenakili.]

SHEMEJI: Nasikia. Mwalimu, nasikia hadi huku.

[Pip. Pip. Viti. Viti vyote vya shule kwa mara moja. Miguu. Mtoto mmoja anauliza mwalimu kakosea nini leo, mwingine anamwambia kimbia kwanza utauliza kesho.]

MKUU WA SHULE: Kengele gani hii inalia kama kifaranga?

MWALIMU: Ya ndani, mzee. Ilikuwemo humu siku zote. Haihitaji mtandao, haihitaji mtu.

MKUU WA SHULE: Imehitaji pua.

MWALIMU: Pua kidogo, mzee.

MKUU WA SHULE: Tulisema yenyewe.

SHEMEJI: Mzee, samahani, pua ilikuwa ya kuiwasha tu. Saa imeisoma yenyewe.

MKUU WA SHULE: Mwanangu, mimi nimefundisha muda mrefu, mwanafunzi aliyeona majibu namjua. [Pip. Pip.] Haya, watoto wametoka, hilo silikatai. Sasa nizimie hicho kitu, tuongee kama watu wazima.

MWALIMU: Ndiyo, mzee. Shemeji, inazimwaje?

SHEMEJI: Nini?

[Pip.]

MWALIMU: Inazimwaje?

MKUU WA SHULE: Kinanichoma masikio. Kwani hakina mwisho?

MWALIMU: Mwisho tuliuacha, mzee, tulikosa muda.

MKUU WA SHULE: Basi mimi siwezi kusimama hapa, nina presha. [Pip.] Nakwenda ofisini nifunge dirisha. [Pip. Pip.] Na ule ufunguo, Mwalimu, usidhani nimesahau. Kengele imechelewa, na pua yako nimeiona kwa macho yangu. Hicho kitu kikinyamaza, chukua ufunguo uniletee. Kikinyamaza tu, sawa? Dakika hiyo hiyo.

MWALIMU: Sawa, mzee.

[Hatua. Kufuli linagonga, linagonga, linaondoka.]

MWALIMU: Amekwenda. Shemeji, yamekwisha. Watoto wametoka, kengele imelia, na bado ananinyang'anya.

SHEMEJI: Pole, shemeji yangu.

MWALIMU: Nitawaambiaje wale wasichana? Niliwaahidi wiki hii tunaanza michezo ya kuchora. Na sauti hii. Naweza kuvumilia kufukuzwa, lakini si kwa muziki huu. Niambie inavyozimwa. Nimeshika kibodi, nibonyeze nini?

SHEMEJI: Ni vitufe viwili kwa pamoja, kile cha chini kush— Ngoja.

MWALIMU: Cha chini kushoto, halafu?

SHEMEJI: Ngoja kwanza. Mkuu amesema ufunguo umpelekee lini?

MWALIMU: Kikinyamaza.

SHEMEJI: Kikinyamaza.

MWALIMU: Ndiyo, si umemsikia? Kikinyamaza tu, dakika hiyo hi—

[Pip. Pip. Pip.]

SHEMEJI: Programu yetu inarudia mara ngapi?

MWALIMU: Uliniambia nisihesabu.

SHEMEJI: Sasa kwa nini unataka kuizima?

[Pip. Pip. Mkwaruzo wa mtandao. Sauti ya mwanamke anayetangaza kwamba salio linakaribia kwisha, kwa furaha isiyo na sababu.]

MWALIMU: Shemeji.

SHEMEJI: Naam.

MWALIMU: Nimetoa mikono kwenye kibodi.

SHEMEJI: Ikalie hiyo mikono kabisa. Haya, kwahe—

[Simu imekatika.]